Koni ya karatasi na sindano ya kushonea: miezi miwili ya kupiga santuri bila spika

Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikipiga santuri kwa karatasi, na naandika haya ili anayetaka kujaribu ajue anachokiendea. Hakuna umeme, hakuna waya, hakuna spika. Ni karatasi moja ya A4 iliyoviringishwa ikawa koni, sindano ya kushonea kwenye ncha yake, na penseli iliyopitishwa kwenye tundu la katikati ya santuri. Unazungusha penseli, unagusisha sindano, na mtu anaanza kuimba ndani ya karatasi.

Nilifika huku kwa sababu mashine yangu ya santuri ilikufa upande wa sauti. Mota ilikuwa nzima, sahani inazunguka, lakini spika kimya. Siku hizo mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa akishinda kwangu. Akaishika santuri, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akauliza muziki umekaa wapi. Nikamweleza habari za mfuo, ule mstari mwembamba uliochimbwa kuzunguka santuri kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Kwamba ni mmoja tu kwa kila upande, na kwamba kwenye santuri ya sentimita 30 ungeunyoosha ungekaribia nusu kilomita. Alinisikiliza kwa adabu, lakini niliona hajaniamini. Ndipo nikachukua karatasi.

Koni ya kwanza haikufanya kazi, na kosa lilikuwa langu. Nilitumia karatasi ya manila nikidhani ugumu ndio utakaobeba sauti. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu, na nyuma yake kitu kama mtu anayezungumza chumba cha tatu. Manila ni nzito kwa kazi hii. Mtikisiko wa sindano ni mdogo mno. Mfuo wenyewe una upana wa takriban milimita 0.05, na sindano inayumba ndani ya nafasi hiyo. Kitu kinachotikiswa na nguvu ndogo namna hiyo lazima kiwe chepesi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ilitosha kabisa. Niliiviringisha kuanzia kona moja, ncha nikaibana hadi ikabaki na uwazi mdogo kuliko punje ya mchele, nikafunga mshono mzima kwa selotepu.

Mahali pa kutulia na kufanya kazi kwa uangalifu ni pale sindano inapokutana na karatasi. Mara ya kwanza niliishika kwa selotepu peke yake na ikawa inalegea kila baada ya dakika chache. Ikilegea hata kidogo, mtikisiko unapotea njiani na unachosikia ni mtatariko. Sasa naichoma ipite kuta zote mbili za koni, kama sentimita mbili kutoka kwenye ncha, halafu naweka tone la gundi kila upande na kuiacha ikauke usiku kucha. Gundi ikishakauka, gusa ncha ya sindano kwa kucha: ukisikia mlio mkali ndani ya koni, iko tayari.

Penseli ya kawaida inaenea vizuri kwenye tundu la santuri, maana tundu lina upana wa milimita 7 hivi. Izungushie selotepu kidogo ili ibane. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika mara nyingi zina tundu kubwa la karibu sentimita 4, kwa hiyo utalazimika kukata kipande cha kadibodi cha kuziba na kukitoboa katikati kabisa. Kikienda upande, sauti itayumba kama mlevi.

Jaribio la pili tulilifanya mezani. Nilizungusha penseli kwa mkono wa kulia, koni nikaishika kwa vidole viwili vya kushoto, nikaishusha taratibu. Sauti ya kwanza kutoka ilikuwa ya mwanamke akimalizia neno, akavuta pumzi, akaanza mstari unaofuata. Ile pumzi niliisikia wazi. Mpwa wangu aliinama chini ya meza, akarudi juu.

"Mjomba, spika iko wapi?"

"Ni hii niliyoishika."

Akanyoosha mkono akagusa ukingo wa karatasi, na papo hapo wimbo ukafifia. Akaondoa kidole, ukarudi. Alirudia kufanya hivyo pengine mara kumi. Swali lake la muziki umekaa wapi hakuliuliza tena.

Kitu kilichobadilisha sauti kuliko vyote ni namna ya kuishika koni. Mwanzoni niliisimamisha wima, mdomo ukitazama dari. Inatoa sauti, lakini hafifu. Santuri nyingi tulizonazo zimechongwa kwa mtindo ambao Emile Berliner, mvumbuzi wa gramafoni, aliuleta mwaka 1887: mfuo unayumba kushoto na kulia, haupandi na kushuka kama ilivyokuwa kwenye silinda za Thomas Edison, mitungi ya kurekodia sauti iliyotangulia santuri. Koni ikisimama wima, sindano inaitikisa kwa ubavu, na karatasi haisukumi hewa ya kutosha. Nilipoilaza mdomo wake ukielekea ukingo wa santuri, sindano ikining'inia kwenda chini, kila myumbo ukawa unaisukuma na kuivuta koni kwa urefu wake. Sauti iliongezeka hapo hapo. Mtu aliyekuwa chumba cha pili aliniuliza nani amewasha redio. Hakikisha pia sindano imeinama kufuata mwendo wa santuri, kama fimbo unayoiburuta nyuma yako mchangani. Ukiielekeza kinyume inachimba.

Kuhusu sauti yenyewe: maneno yanasikika, tarumbeta inasikika vizuri sana, gitaa la juu nalo lipo. Besi hakuna, na ukiisubiri utasubiri sana. Sehemu ya sababu ni karatasi, ambayo haiwezi kusogeza hewa nyingi. Sehemu nyingine imo kwenye santuri zenyewe. Wakati wa kuchonga, sauti nzito hupunguzwa makusudi, kwa sababu myumbo wake ni mpana na ungevamia mfuo wa jirani, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mchakacho. Chama cha makampuni ya santuri cha Marekani, RIAA, kilikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo mwaka 1954. Ampulifaya ya santuri kazi yake mojawapo ni kuyarudisha mambo mahali pake. Karatasi haijui hayo. Inakupa kile kilichochongwa, bila nyongeza. Ngoma inayokupiga kifuani kwenye spika, hapa inakuwa mgongo wa ukucha unaogonga meza. Mimi nimejikuta napenda kusikia hivyo, maana mashairi yanabaki uchi na unashika maneno uliyokuwa hujawahi kuyashika.

Kasi ni mtihani. Santuri kubwa inatakiwa kumaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8 ili itimize mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mkono hauwezi kushika kasi hiyo sawasawa. Ukichoka, mwimbaji anazeeka. Ukishtuka, anarudi utotoni. Kwa mtoto ni furaha tupu. Kwa mtu anayetaka kusikiliza wimbo ni mateso baada ya dakika mbili. Kwa kuwa mota yangu ilikuwa inafanya kazi, nilihamia huko: santuri juu ya sahani ya mashine, koni mkononi. Hapo wimbo unatulia na unaweza kuufuata. Lakini usiibane koni. Iache ielee kwenye vidole, mfuo wenyewe utaivuta polepole kuelekea katikati.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba lisomwe na kila mtu kabla hajagusa santuri anayoipenda. Koni hii inaua santuri. Naliandika hili nikiwa na kielelezo mbele yangu.

Nilichagua santuri iliyokuwa tayari na mikwaruzo, nikapiga sehemu ile ile ya ukingoni mara kumi na mbili. Kufikia mara ya tano mwimbaji alikuwa ameanza kuwa na kikohozi. Mara ya kumi, herufi za S zilikuwa zimegeuka upepo mtupu. Nikachukua lenzi ya kukuzia nikatazama ncha ya sindano: ilikuwa na uzi mweusi umejikunja, mwembamba kuliko nywele, unang'aa. Ile ilikuwa plastiki ya santuri. Ulikuwa wimbo. Na pale sindano ilipopita palikuwa na ukanda wa kijivu usioakisi mwanga kama sehemu nyingine. Mashine ilipotengenezwa niliipiga santuri ile kwa njia yake halali. Dakika zote za ukanda ule kuna sauti kama mvua kwenye bati, na haitatoka tena.

Sababu inaeleweka ukipima. Nilishusha koni juu ya mizani ndogo ya kidijitali, nikiishika kama ninavyoishika wakati wa kupiga. Nikijitahidi kuwa mwepesi ilisoma kati ya gramu 15 na 30. Mkono wa mashine ya kisasa hulaza gramu 2 hivi, tena kwa ncha ya almasi iliyosuguliwa ikawa na mviringo ili iegemee kuta za mfuo bila kugusa chini. Sindano ya kushonea ni kali, inazama hadi kwenye kitako cha mfuo ambako hakuna muziki, kuna vumbi na kelele tu, na njiani inakwangua kuta zenye muziki. Chuma na plastiki ya vinili havilingani nguvu.

Kwa hiyo weka kando santuri moja au mbili zilizokwisha kuharibika, ziandike kwenye lebo kwamba ni za majaribio, na hizo tu ndizo ziguswe na koni. Nilifanya hivyo baada ya mpwa wangu kunijia siku moja ameshika santuri ambayo mama yangu aliniachia, koni mkono wa pili. Hakuwa na kosa, mimi sikuwa nimemwambia. Moyo ulinipasuka kwa sekunde kadhaa pale. Sasa zile nzuri ziko kwenye kabati la juu.

Santuri za zamani za mizunguko 78 ni habari tofauti kidogo. Ninayo moja, ina ufa. Hizi hazikutengenezwa kwa vinili, zilitengenezwa kwa sheliki, utomvu unaotokana na wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Gramafoni za kuvuta kwa mkono zilizilalia kwa uzito unaozidi gramu 100, na sindano ya chuma ilikuwa inasagwa na santuri hadi ichukue umbo la mfuo. Ndiyo maana ilibadilishwa kila baada ya upande mmoja. Niliigusisha koni kwenye kipande kizima cha ile yangu nikarudi nyuma kwa mshangao. Sauti ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya vinili, na koni ilitetemeka hadi nikaihisi kwenye kifundo cha mkono. Enzi zile hapakuwa na cha kuikuza sauti zaidi ya utando na ile pembe pana ya gramafoni, basi ilibidi nguvu yote iwe ndani ya mfuo. Ila zinavunjika kwa kuangushwa tu, na nyingi zilizobaki hazina mwenzake. Usizifanyie majaribio kama ni nzima.

Mtu aliniambia huu ni mchezo wa watoto. Sikubaliani naye. Shirika la Gospel Recordings lilisambaza kifaa kilichoitwa CardTalk, kadibodi ya kukunja yenye sindano, na msikilizaji alizungusha santuri kwa kijiti. Watu walisikiliza mahubiri kwa lugha zao kupitia kadibodi hiyo, mahali ambapo umeme haukuwepo. Ni wazo lile lile nililolishika mezani, na lilifanya kazi ya watu wazima.

Kwa kusikiliza muziki kila siku, sikushauri. Kwa kumwonyesha mtu sauti ni nini, sijaona kinachoishinda, na kwa hilo naipa alama zote.

Wiki mbili zilizopita nilisoma kwamba enzi za gramafoni baadhi ya wasikilizaji waliacha chuma wakatumia sindano za mianzi na za miiba, ili kuzihurumia santuri zao. Nikakata mwiba mrefu mkavu, nikaunoa kwa msasa laini, nikauweka mahali pa sindano. Sauti ni ndogo zaidi, laini, kama mtu anaimba akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Unadumu dakika moja na nusu hivi, halafu ncha inafutuka na inabidi kuunoa tena. Nimepiga sehemu moja mara kumi na mbili kwa mwiba, kama nilivyofanya kwa chuma. Kwenye lenzi naona unga wa kahawia wa mwiba wenyewe, na ukanda wa kijivu ni mwembamba sana, unauona tu ukiinamisha santuri kwenye mwanga. Mpwa wangu ndiye fundi wa kunoa sasa. Anayo miiba saba kwenye kopo la vidonge, kila mmoja amefungiwa kijikaratasi chenye idadi ya mara ulizopiga.