Darasa la Jioni Kuhusu Kuunganisha Ireland: Ada Yake Ni Halali

Duka moja la vitabu katikati ya Nairobi limeanza kuendesha madarasa ya jioni kwa watu wazima, kila darasa likichukua suala moja la dunia na kulichambua kwa saa mbili. Nililohudhuria liliuliza kama ni busara kuwaunganisha tena watu wa Ireland, kisiwa kilichogawanywa mwaka 1921: kaskazini ikabaki Uingereza, na sehemu iliyobaki ndiyo Jamhuri ya Ireland ya leo. Ada ni shilingi 1,000 kwa M-Pesa, pamoja na chai na nakala za nyaraka, na kwa maoni yangu ni halali kabisa.

Sifa ya kwanza namwekea mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha historia, kwa kuwafahamu wasikilizaji wake. Wengi wetu hapa tumesomeshwa au kubatizwa na masista na mapadre wa kutoka Ireland. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka huo huo wa 1921, na Edel Quinn, mmisionari Mwairishi wa Lejio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, alifia Nairobi mwaka 1944 na kuzikwa papa hapa. Huko Ireland Kaskazini, Wakatoliki wengi hutaka kisiwa kiwe kimoja, na Waprotestanti wengi hutaka kubaki Uingereza. Kwa hiyo huruma yetu ilikuwa imekwisha kuegemea upande wa Wakatoliki kabla hatujaketi, na mwalimu alilijua hilo.

Alitandaza ramani mezani, akapitisha kidole juu ya mpaka wa takriban kilomita 500, kisha akatuhesabia: jimbo la kale la Ulster lina kaunti tisa, lakini Ireland Kaskazini ina sita tu. Donegal, Cavan na Monaghan ziliachwa nje kwa sababu zingepunguza mno wingi wa Waprotestanti. Mkenya aliyewahi kufuatilia ugomvi wa mipaka ya maeneo bunge hahitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo, mwalimu hakutuacha tufurahie hukumu ya haraka, kwani alitukumbusha kwamba Waprotestanti hao hawakuwa wageni wa juzi. Wengi walitokana na familia zilizokuwa zimekaa Ulster kwa karne tatu, na waliogopa kuwa wachache wa kudumu ndani ya Ireland moja. Mpaka uliwaondolea hofu hiyo na kuwabebesha Wakatoliki wa kaskazini, ambao kwa nusu karne walibaguliwa katika kura za mitaa, nyumba na ajira. Machafuko yaliyozuka mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua zaidi ya watu 3,500.

Saa ya pili ndiyo iliyonifaa zaidi, kwa kuwa tulisoma kifungu kwa kifungu Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, mkataba wa amani uliokusudiwa kumaliza machafuko hayo. Waziri wa Uingereza anayehusika na Ireland Kaskazini analazimika kuitisha kura ya maoni pale atakapoona kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi watataka kuungana na Jamhuri. Wakikataa, kura nyingine haiwezi kupigwa kabla ya miaka saba kupita. Wingi unaotakiwa ni nusu na kura moja. Mama aliyeketi mbele yangu akauliza, "Sasa mwalimu, hao walioshindwa kwa kura moja watakwenda wapi?" Jibu lilikuwa la Seamus Mallon, Mkatoliki aliyepigania Ireland moja kwa njia ya amani maisha yake yote, na ambaye mwaka 2019, akiwa mzee, alionya kwamba nusu na moja haitoshi kuleta utulivu.

Mimi nakubali onyo lake, lakini sikubali kanuni ibadilishwe. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba wenye asili ya Kikatoliki, asilimia 45.7, wamewazidi wenye asili ya Kiprotestanti, asilimia 43.5. Kuwapandishia kiwango wakati huu, baada ya ahadi ya mwaka 1998, kungekuwa dhuluma. Busara iko katika kazi ya kabla ya kura: kukubaliana na Waprotestanti kuhusu polisi, hospitali, shule na bendera, ili mpiga kura ajue anachochagua. Uingereza ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya mwaka 2016 bila mpango wa namna hiyo, na Ireland Kaskazini, iliyotaka kubaki kwa asilimia 55.8, ndiyo iliyobebeshwa mzigo wa mpaka kati ya Uingereza na Umoja huo. Hata karibu yetu, Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwezi Aprili 1964 bila wananchi kuulizwa kwa kura, na maswali ya muundo wa muungano huo hayajaisha hadi leo.

Kasoro zipo. Nakala zilichapwa kwa wino hafifu, na waliokaa nyuma hawakumsikia mwalimu kila wakati kwa sababu hakukuwa na kipaza sauti. Kubwa zaidi, suala la fedha lilipitiwa mbiombio dakika za mwisho, ingawa Ireland Kaskazini hutegemea mabilioni ya pauni kutoka London kila mwaka na hakuna familia itakayopiga kura bila kuuliza kuhusu pensheni na matibabu yake. Kuungana kwa Ujerumani Mashariki na Magharibi mwaka 1990 hakukutajwa kabisa, nako kungetufundisha mengi kuhusu gharama. Walimu wa historia na wanafunzi wa vyuo nawahimiza wajiandikishe, na duka naliomba liandae darasa la pili litakaloshughulikia fedha peke yake.