Kufika Zermatt majira ya theluji: kwa nini treni inashinda gari

Zermatt, mji wa Uswisi ulio chini ya mlima Matterhorn, hauwaruhusu wageni kuingia na magari yao, na sharti hilo moja ndilo linaloamua karibu kila kitu kuhusu namna ya kufika huko kwa ajili ya kuteleza kwenye theluji. Kwa mgeni, barabara huishia Täsch, kijiji kilicho kilomita tano chini ya mji. Hapo gari huachwa katika maegesho ya kulipia, kisha abiria hupanda treni ya dakika 12 inayoondoka takriban kila baada ya dakika 20. Kwa maneno mengine, hata aliyeendesha kutwa nzima humalizia safari yake kwenye treni, akiwa amebeba skii begani na kuburura masanduku.

Kwa sababu hiyo, anayetua Zürich au Geneva ningemshauri apande treni tangu mwanzo. Viwanja vyote viwili vina kituo cha reli papo hapo, na tiketi moja hutosha hadi Zermatt. Kutoka Zürich ni takriban saa tatu na nusu, kwa sababu treni hupita katika handaki la Lötschberg lenye urefu wa kilomita 34.6, lililofunguliwa mwaka 2007, badala ya kupanda mlima kwa reli ya zamani. Kutoka Geneva ni karibu saa nne, lakini njia yenyewe inapendeza zaidi: treni huambaa kando ya ziwa, chini ya mashamba ya mizabibu ya Lavaux, kisha hufuata bonde la mto Rhône hadi Visp.

Visp ndipo abiria wote huhamia treni nyekundu za Matterhorn Gotthard Bahn, na kwangu mimi sehemu hii ndiyo bora kuliko zote. Njia hii iliyokamilika mwaka 1891 hupanda karibu mita 950 ndani ya muda unaozidi saa moja kidogo. Penye miinuko mikali, gurudumu lenye meno hung'ata reli ya katikati na behewa hupanda polepole bila kuteleza, huku korongo likizidi kubana pande zote mbili. Kasoro yake ni msongamano wa Jumamosi, siku ambayo wageni wengi huondoka vyumbani na wengine kuingia. Anayeweza kusafiri katikati ya wiki na afanye hivyo.

Kuhusu nauli, kadi ya nusu nauli hurejesha gharama yake haraka kwa anayezunguka sana nchini. Tiketi za punguzo zinazonunuliwa mapema ni rahisi zaidi, ila hutumika katika treni iliyochaguliwa tu, kwa hiyo sizipendekezi kwa siku ya kutua, kwani ndege ikichelewa hazina faida tena.

Gari lina maana kwa familia yenye watoto wadogo inayotoka Ufaransa au kusini mwa Ujerumani na kupitia miji mingine njiani. Hata hivyo, hesabu zake zijumuishe stika ya barabara kuu ya faranga 40, maegesho ya Täsch, na pengine nauli ya treni inayobeba magari kati ya Kandersteg na Goppenstein.

Treni ya Glacier Express kutoka St. Moritz ni nzuri mno, lakini huchukua karibu saa nane na hudai nafasi iwekwe mapema kwa malipo ya ziada. Mimi huihesabu kuwa matembezi, si usafiri. Kebo ya kubeba abiria angani inayounganisha Zermatt na upande wa Italia tangu mwaka 2023 nayo yafaa kwa mapumziko ya siku moja. Mtu mwenye masanduku aachane nayo, maana upepo mkali huisimamisha.

Jambo moja linapaswa kumhangaisha msafiri: bonde hili lina reli moja na barabara moja. Januari 2018, hatari ya maporomoko ya theluji ilifunga vyote viwili na kuwakwamisha watalii wapatao 13,000, baadhi yao wakitolewa kwa helikopta. Kwa hiyo mwenye ndege ya asubuhi na mapema ni heri ashuke bondeni siku iliyotangulia na kulala Visp au Brig, hasa pale utabiri wa hali ya hewa unapotaja theluji nyingi.