Kozi fupi ya sola Mtwara: nilichopata na kilichopungua

Nimemaliza kozi fupi ya ufungaji wa umeme wa jua kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Mtwara mjini. Vijana wengi wananiuliza kama ada yake inalipa. Inalipa, ila ujue unakifuata nini.

Kilichonikuna zaidi ni hesabu ya matumizi. Mafundi wengi mtaani wanauza paneli kwanza, hesabu baadaye, ndiyo maana betri za watu zinakufa mapema. Mwalimu alitupa mfano wa nyumba ya Tandahimba: taa 4 za wati 5, zinawaka saa 5, na televisheni ya wati 40 kwa saa 4. Jumla wati-saa 260 kila siku. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, kwa maandishi ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukizoea kuikausha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Mwenye nyumba anavuka siku mbili hata mvua za Januari zikifululiza. Hesabu hii naifanya sasa mbele ya mteja, kwenye karatasi, kabla hatujataja bei.

Juu ya bati tulifundishwa kuelekeza paneli kaskazini, maana huku tuko kusini mwa ikweta, na kuiinamisha kidogo ili mvua ioshe vumbi. Kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, unaanza kuunga betri, ndipo paneli. Ukifungua, paneli inatoka kwanza. Halafu kuna chumvi ya bahari. Tulionyeshwa boliti zilizofunguliwa kwenye nyumba moja Mikindani, zimelika kwa kutu hadi spana haishiki. Kwa kazi za pwani sitaki tena boliti isiyo ya stenlesi.

Upungufu upo. Multimita, yaani kipimo cha umeme, ilikuwa moja ikazungushwa kundi zima, wengine wakaishia kutazama. Na cheti si leseni! Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hilo tulipaswa kuambiwa siku ya kujisajili, maana kuna wenzetu walitoka Newala na Nachingwea, wakapanga vyumba mjini wakiamini cheti kinatosha.

Kama tayari unashika waya, nenda. Kama hujawahi, anza na umeme wa majumbani. Na kabla ya kulipa, omba kuingia karakana uone vifaa kwa macho yako.