Kupe wamekufa kweli, na paka wangu nusura aondoke nao

Niseme ukweli kabla hasira haijapanda: dawa inaua. Ni ile ya maji yenye dayazinoni, sumu ya kuua wadudu, unachanganya kwenye ndoo unamuogesha mbwa, na hata hajakauka vizuri wale kupe wa masikioni walionona kama maharage wakawa wanadondoka wenyewe sakafuni. Nilifurahi aisee, nikampigia hadi muuzaji kumshukuru.

Jioni paka akaenda kumlalia mbwa mgongoni kama kawaida yake, analamba tu. Usiku namkuta chini ya meza udenda unamchuruzika kifua chote kimelowa, miguu inatetemeka, na kilichonitisha zaidi ni macho, maana kwenye mwanga hafifu vile mboni za paka huwa kubwa, zake zilikuwa kama ncha ya sindano.

Daktari wa mifugo alimnusa shingoni tu akasema hii organofosfeti, jamii ya sumu za wadudu ambayo dayazinoni imo, inashika neva zinakuwa kama swichi isiyozimika, na paka hawaiwezi kama mbwa. Akamuosha kwa sabuni, akamdunga atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, mi nikakesha nahesabu pumzi.

Nikampigia tena muuzaji. Jibu lake? "Dada, si ulisema mbwa? Paka hukumtaja." Halafu akakata! Yaani nikija kununua dawa nikutajie ukoo mzima wa nyumbani? Wewe ndo wa kuuliza bwana, kuna paka, kuna mtoto anatambaa, mbwa amevaa mkanda wa viroboto, kwa sababu mikanda mingine nayo ina sumu ya jamii hiyohiyo na ukijumlisha unamuua. Swali moja tu!

Haya, lebo ilikuwepo. Sikuisoma, maandishi yenyewe ya kusomwa na sisimizi, na tena nilimuogesha mbwa mikono mitupu, kwa hiyo na mimi nina langu. Na mbwa kwa kweli alilala bila kujikuna, kitu sijaona siku nyingi, nikawa nataka kusema dawa haina kosa, kosa ni la watu. Kumbe viroboto wamerudi! Eti waliokuwa kwenye vifuko vyao zuliani dawa haiwapati, wanatoka wakishakomaa. Sasa nimeteseka kwa faida gani?

Chupa imebaki nusu, nimeifunga kwenye mfuko juu ya kabati. Kumwaga mtaroni siwezi, inaua samaki. Yule muuzaji aje aichukue mwenyewe, na akifika amsalimie paka kwanza.