Nimejifunza Kiingereza kwa hadithi za African Storybook: uzoefu wangu

Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza nilichotoka nacho kilikuwa cha kuitikia salamu ya mwalimu. Mwaka huu binti yangu kaingia kidato cha kwanza hapa Tabora. Baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili, hesabu na baiolojia vyote vimegeuka Kiingereza. Niliwahi kulipia kozi ya kwenye simu, ikawa sentensi za hotelini na uwanja wa ndege tu, nikaiacha wiki ya pili. Ndipo jirani yetu mwalimu akatuonyesha African Storybook.

Ni maktaba ya bure ya hadithi fupi za Kiafrika, kazi ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zina ngazi tano, kuanzia za maneno machache mpaka zile ndefu za kumsomea mtoto kwa sauti. Nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ukishapakua kwenye programu yao unasoma hata bando likiisha, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Tunasoma Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Ipo hadithi ya Kizulu ya kijana Gingile na ndege anayeongoza watu kwenye asali. Gingile anachukua asali yote, ndege hapewi kitu, na safari nyingine ndege anampeleka kwenye mti aliolala chui. Ndege huyo nilimjua kabla sijajua kusoma. Babu yangu alikuwa mrina asali kule Sikonge, na hakuondoka porini kabla hajamwachia kipande cha sega. Kwa hiyo nilipofika kwenye Kiingereza sikuhangaika kujua kinachotokea. Nilibaki na kazi moja, kuyatazama maneno.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kwetu mtambaji "ka" moja inamtosha: akapanda, akachukua, akala, akaondoka. Waingereza hawana "ka" hiyo. "Climb" inakuwa "climbed", lakini "take" ni "took", "eat" ni "ate", "leave" ni "left", kila neno na njia yake. Binti alikuwa na orodha ya maneno hayo kwenye daftari, anakariri usiku, asubuhi yametoka. Kwenye hadithi kayakuta yana mtu, mti na chui, na yamekaa.

Hadithi za kifamilia ndizo zilizonishika zaidi. Simbegwire ni msichana aliyefiwa na mama, baba akaleta mke mwingine, mtoto akakimbilia msituni. Siku hiyo tulianza na Kiingereza. Mwanamke anamkuta juu ya mti, na anaitwa "aunt". Binti akaandika mama mdogo. Nikamwambia, mwanangu, rudi nyuma usome tena: huyo mama anasema ni mtoto wa kaka yake. Basi ni shangazi! Tulikaa na neno hilo karibu nusu saa, pamoja na "uncle", ambalo limewabeba mjomba, baba mdogo na baba mkubwa bila kuwatenganisha. Kwetu huwezi kuwachanganya hao. "He" na "she" bado zinanisumbua, maana Kiswahili hakikuwahi kuniuliza kama ni mwanamume au mwanamke.

Anayetaka mitihani na cheti hatavipata humo, na kanuni za sarufi itabidi azitafute kwingine. Kwa matamshi tunaingia Global Storybooks, ambako hadithi 40 kutoka maktaba hiyohiyo zimewekewa sauti. Mtu mzima asione haya kwamba ni za watoto. Mimi zimenitoa machozi.

Hadithi hizo unaruhusiwa kuzitafsiri na kuongeza ya kwako, kwa hiyo sasa tunaandika ya babu, mimi Kiswahili, binti Kiingereza. Tumefika ukurasa wa nne na tumekwama kwenye mzinga. Kamusi inasema "beehive", lakini mizinga ya babu ilikuwa ya magome ya miti, na binti hataki msomaji aone sanduku la mbao. Jana usiku akaandika sentensi nzima: "My grandfather made his hives from the bark of trees." Hiyo "made" hakuniuliza, wala hakufungua daftari.