Ubao wa Kafi wa Kujaza Upepo: Nimeujaribu Jambiani, Sikilizeni Kabla Hamjanunua

Haya wadau, karibuni. Leo niko Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, na kitu ninachokichambua ndicho hiki kilicholala hapa nyuma yangu: ubao wa kafi, ule mtu anasimama juu yake katikati ya maji akajiendesha taratibu. Mmeuona sana kwenye picha za watu waliokwenda fungate. Mimi nilikuwa sijawahi hata kuukanyaga, na nyinyi mmeniuliza weee, tununue au tukodi? Jibu natoa sasa hivi ili mwenye haraka aende zake: kodi kwanza, tena kodi saa ambayo maji yanakubali. Ubao wenyewe sina ugomvi nao mkubwa. Kinachowaponza watu ni saa wanayoingia majini.

Huu si wangu, ni wa shemeji. Anasema aliununua laki nane na kitu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu mbao za aina hii zinatoka viwandani zinafanana, halafu kila muuzaji anabandika jina lake. Ukijua cha kuangalia, jina halitakusumbua.

Umekuja kwenye begi la mgongoni, kama kilo 13 na vitu vyote ndani. Kwenye boti ya kutoka Dar niliuweka pamoja na mizigo ya watu wengine, na kwenye daladala ukapanda juu kwenye keria. Hapo ndipo ubao wa kujaza upepo unapoushinda ule mgumu wa fiba. Ule mgumu utaupandisha daladala gani?

Ndani ya begi kuna ubao uliokunjwa, kafi la vipande vitatu, pampu ya mkono, pezi la kuchomeka chini, kamba ya mguu, na kimfuko cha viraka na gundi. Jaketi okozi hakuna. Yaani wamekumbuka viraka vya ubao, mwenye ubao wakamsahau. Jaketi tafuta la kwako.

Sasa vipimo. Urefu sentimita 320, unene 15, upana 81. Kama wewe ni mgeni kwenye mchezo huu, angalia upana kwanza, mengine baadaye. Mbao nyembamba zinakata maji vizuri na kwenda kasi, lakini ni za watu waliokwisha zoea. Ukikuta muuzaji anakusifia ubao wa sentimita 70 na ushei kwamba una mbio, mwambie wewe huna pa kukimbilia.

Kujaza upepo. Hapa tusogee karibu, kamera njoo huku. Kwenye valvu kuna kipini kidogo katikati. Kikiwa juu, valvu imefungwa, upepo unaingia na hautoki. Kikiwa chini, iko wazi. Kihakikishe kiko juu kabla hujaanza, maana kikiwa chini utapampu mpaka jasho likutoke, halafu ukichomoa mpira wa pampu upepo wote unakuaga. Jambo la pili, hii geji: mwanzoni haisogei kabisa. Unapampu, sindano imelala palepale kwenye sifuri. Haijafa. Inaanza kuamka ubao ukishakaribia kujaa. Huu wameandika psi 15 mwisho, mimi naishia 12 au 13. Tairi la gari dogo linabeba psi 30 na kitu, kwa hiyo 12 utaiona ndogo, lakini hapa upepo unaoingia ni mwingi mno, na zile pampu za mwisho mwisho ni za kulalia kwa uzito wa mwili mzima. Mwenye mgongo mbovu atafute kijana.

Ukishajaa, gonga. Mnasikia? Mgumu kama meza. Haufuri tumbo kwa sababu ndani, kitambaa cha juu na cha chini vimeshonwa pamoja kwa maelfu ya nyuzi zinazovutana, ndiyo maana unabaki bapa. Usiposhiba upepo unapinda katikati unaposimama, na hapo utasema ubao mbovu kumbe ni uvivu wa kupampu. Ila ukishaujaza usiuache juani. Upepo wa ndani ukipata moto unatanuka, na hizi kingo zimeunganishwa kwa gundi. Uweke kivulini. Chini ya mvinje sawa, chini ya mnazi hapana, nazi haina taarifa.

Haya, maji. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela zao.

Pwani hii ya mashariki, maji yakipwa yanakwenda mbali, mpaka karibu na mwamba kule mnakoona mstari mweupe wa mawimbi. Unabaki mchanga, majani na vidimbwi. Yakijaa yanarudi mpaka hapa kwenye ngazi za hoteli. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "njoo saa nne asubuhi kila siku", huyo hajui bahari au anataka hela yako tu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Zanzibar inafika mita nne hivi, na mkondo unavuta. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanasogea kidogo na kwa upole. Mgeni chagua maji mafu, ingia maji yanapokaribia kujaa, toka kabla hayajapwa sana. Hilo pezi chini ya ubao lina zaidi ya sentimita 20. Likigonga mwamba, ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea na safari. Na maji yakiwa ya magotini usijifariji kwamba ni salama zaidi. Utaangukia jiwe, au wale viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi waliojibanza kwenye mawe, na mwiba wao ukivunjikia kwenye unyayo likizo yako imeishia hapo.

Halafu kuna mwani. Maji yakipwa mtaona vijiti vimepangwa na kamba zimefungwa, na kina mama wanafanya kazi. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokilima ni wanawake. Maji yakijaa vijiti havionekani. Pezi linanasa kwenye kamba, kamba ikikatika mwani wa mtu unaondoka na maji. Kwa hiyo kabla ya kuingia, nenda ukatazame ufukwe wakati maji yamepwa, ujue mashamba yako wapi, kisha uyapitie mbali. Hili kwenye mabango ya hoteli sijaliona limeandikwa popote.

Upepo nao. Jirani zetu wa Paje wamejaa wacheza tiara, wale wanaovutwa na upepo juu ya maji. Wanakuja kwa wingi wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, na wakati wa kusi katikati ya mwaka. Wanachokifuata wao ndicho unachokikimbia wewe. Ukisimama kwenye ubao, kiwiliwili chako ndiyo tanga, upepo unakuchukua. Asubuhi mapema mara nyingi kunakuwa shwari, mchana upepo unaamka. Ukianza, elekea kule upepo unakotoka, ili ukichoka ukurudishe nyumbani. Ukizidiwa, piga magoti. Ukizidiwa zaidi, lala kifudifudi uvute maji kwa mikono. Hakuna aibu.

Na hii iwekeni akilini. Upande wa pili wa kisiwa, kule Kendwa, maji hayaendi mbali hivi yakipwa, na msimu wa kusi ufukweni kunatulia kabisa. Mgeni anapapenda. Lakini panatulia kwa sababu upepo unatokea nchi kavu, unapita juu yako kwenda baharini. Unapiga kafi kidogo, unajiona bingwa, ukigeuka nyuma hoteli imekuwa ndogo. Kule usiende peke yako, na usitoke mbali.

Sasa kusimama. Nilichukua kijana wa kunifundisha, maana kuwa na ubao wa shemeji hakukupi miguu. Tukaanza kwa magoti, katikati kwenye huu mshikio. Mshikio ndiyo alama: miguu inakaa huku na huku ya mshikio, upana wa mabega. Nikasimama. Akaniambia, "Dada, usitazame miguu, tazama kule mwambani." Nikamwambia, "Kaka, miguu ndiyo inayotetemeka, nani ataiangalia?" Akacheka, akasema, "Piga kafi." Na kweli. Ubao ukisimama unayumba, ukitembea unatulia. Niliangusha mwili wangu majini mara za kutosha, na kuanguka si tatizo: jiachie ubavuni, mbali na ubao, uanguke bapa, usichomoke kwa miguu. Kazi iko kurudi juu. Unashika mshikio, unapiga mateke nyuma mpaka mwili uelee, kisha unajivuta. Fanyeni zoezi hili kwenye maji ya kiunoni kabla ya kwenda popote. Mtu asiyeweza kujirudisha juu ya ubao hajawa tayari hata kama anasimama vizuri.

Kafi lina upande. Kile kipande bapa cha chini kimepinda kidogo, na watu karibu wote wanakishika kikiwa kimepindia kwao, kwa sababu jicho linasema ndivyo kinavyochota. Geuza. Kinainamia mbele. Urefu, liwe limekupita kichwa kwa sentimita 20 na kitu.

Kina dada mnaovaa stara: dera sahau. Likilowa linakuwa mzigo na linajisokota miguuni. Mimi nimevaa vazi la kuogelea la mikono mirefu na suruali ya kubana, mtandio wa kuogelea kichwani, na hakuna kilichonisumbua. Jua pia halikunila. Tena hapa ni kijijini, watu wanaishi, hata wasiojistiri kwao wajifunike wanapotoka ufukweni.

Nikiwa nimesimama najisikia, akapita mzee kwenye mtumbwi. Mtumbwi mwembamba, yeye wima nyuma, anasukuma upondo, hatikisiki. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Legeza magoti." Akapita. Somo bora nililopata siku ile, na halikulipiwa. Mchezo huu kama tunavyouona leo umetoka Hawaii, pale Waikiki walimu wa kuteleza kwenye mawimbi walikuwa wakisimama na kafi wakiwaangalia wanafunzi wao, na baadaye watu kama Laird Hamilton, mteleza mawimbi mashuhuri, wakaueneza. Lakini kusimama juu ya chombo chembamba bila kuanguka, wavuvi wetu wanakula kwacho.

Kasoro za huu wa shemeji. Kafi ndilo baya: kibano cha kati hakishiki, mpini unajizungusha mkononi, na mchanga ukiingia kwenye maungio unahangaika kulitenganisha. Kipini cha kushikilia pezi ni kidogo mno, ukikidondosha mchangani umekipoteza, kifungeni uzi. Sponji la juu la kukanyagia ni zuri, halitelezi. Kamba ya mguu ni imara, na hiyo usiivue hata kwa picha, kwa sababu ukianguka upepo unaondoka na ubao haraka kuliko unavyoogelea.

Nilijaribu pia ubao mgumu wa kukodi, elfu 30 kwa saa pamoja na kijana wa kufundisha, baada ya kupatana. Unateleza vizuri zaidi na unashika njia. Lakini ukiuangukia unauma, na ukigonga mwamba unapasuka na deni ni lako. Kwa kujifunzia nauchagua wa upepo.

Ukimaliza, usuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uukaushe kivulini, ndipo uukunje.

Wa kununua ni mtu anayekaa karibu na maji na atautumia kila wiki. Anayekuja Zanzibar mara moja kwa mwaka akodi. Na watu wa Mwanza mlioniuliza kama utafaa ziwani: ubao utafaa, pezi halitagonga mwamba wa matumbawe, ila kule kuna kichocho kwenye maji ya kando yenye majani, na kuna sehemu za kiboko na mamba. Waulizeni wavuvi wa mwalo wenu kabla ya kuupampu.