Gal4 ya maabara: uliza kwanza ni nzima au kipande

Mwezi uliopita nililipa dola 340 kwa mikrogramu 50 za Gal4, uzito wa punje ya chumvi hivi. Nilidhani nanunua nguru mzima, nikaletewa mkia.

Gal4 ni protini ya hamira, hii hii ya mandazi. Kazi yake ni kuwasha jeni za kula galaktosi, sukari ya kwenye maziwa: upande mmoja unashika DNA, upande wa pili unaita mitambo ya unukuzi, yaani ya kunakili DNA kuwa RNA, ije kazini. Nzima ina asidi amino 881, yaani shanga 881 za mnyororo wa protini, uzito wake karibu kilodaltoni 99. Niliipitisha kwenye jeli inayopanga protini kwa uzito, nzito juu na nyepesi chini, nikangojea mstari wangu juu, jirani na alama ya 100. Juu peupe. Mstari umejilaza chini ya alama ya 20, mnene, umetulia kama mwenye nyumba. Nikasema imeharibika njiani, maana kifurushi kilivuka na boti ya jioni na mifuko ya baridi ilifika imeyeyuka. Nikarudi kwenye katalogi, safari hii na miwani. Mwisho wa jina la bidhaa, kwa herufi za kijivu: kipande, 1–147. Mkono wa kushika DNA nimeuziwa. Ule wa kuwashia, 768–881, umebaki kwao.

Nikampigia wakala. "Sasa dada, si imeandikwa?"

Basi usafi wa asilimia ngapi, lebo ya histidini sita ya kuisafishia, sizungumzii. Hayo kila muuzaji anayapigia ngoma. Mie nakwambia uulize jambo moja: inaanzia asidi amino ya ngapi, inaishia ya ngapi? Asiyekujibu kwa namba, usimpe hela.

Si kwamba kipande hakifai. Ukitaka kuona tu Gal4 ikishika DNA, hicho cha 1–147 kinatosha. Na TBP ya hamira, protini ile inayokaa kwenye kisanduku cha TATA, herufi za DNA karibu na mwanzo wa jeni, na kuipinda DNA kwa pembe ya nyuzi 80 hivi, nzima ina asidi amino 240, lakini 61–240 inashika vizuri. Hiyo ningeinunua kipande bila kinyongo. Ila ukitaka unukuzi wenyewe utokee ndani ya kichupa, mkono bila mwasho ni hasara tupu.

Namba moja kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni kuacha kununua protini. Agiza plasmidi, duara dogo la DNA lililobeba jeni ya protini yako, kutoka Addgene, ghala la Marekani lisilo la faida, kisha ujipikie. Wanakutumia bakteria hai ndani ya agari kwenye kichupa kidogo, bila barafu, na joto la boti hawalijali. Sisi tuliokaa Unguja miezi mitatu bila umeme, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua friza ya nyuzi hasi 80 inavyogeuka kabati. Tena mfuatano wa jeni unausoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Hakuna cha kijivu. Tazama promota, swichi ya kuwashia jeni, iwe ya T7, kisha plasmidi uipandishe kwenye E. coli BL21(DE3), bakteria waliotengenezwa kwa swichi hiyo. Gal4 nzima ni ngumu kuivuna kwa bakteria, kwa hiyo wengi hutumia 1–147 iliyounganishwa na kipande cha kuwashia cha VP16, protini ya virusi vya herpesi. Mchuzi wa kukuzia utie zinki, kwa sababu bila zinki mkono haushiki DNA. Na EDTA, hiyo inayonyang'anya madini, iweke mbali na bafa yako, maji ya chumvi ya kutunzia protini.

Ubaya wake ni mkataba wa kupokea, lazima taasisi itie saini. Wangu ulizunguka meza tatu kwa wiki sita. Karatasi moja!

Namba mbili: Gal4-VP16 iliyo tayari, kwa muuzaji anayekuonyesha picha ya jeli ikithibitisha kwamba inashika DNA. Mwombe aigawe kwenye vichupa vya mikrolita 10 kabla hajaigandisha. Kichupa kimoja kikubwa utakiyeyusha na kukigandisha mara tano, na ya tano unapima maji.

Za bei rahisi, zisizo na picha wala namba: labda za kujaribia kingamwili. Nimemaliza.

Lakini ukinunua protini, iwe ya aina gani, usafiri utakuumiza. Safari ile nililipia barafu kavu na ikaja mifuko ya jeli ya kuwekea samaki. Nilipouliza tofauti ya hela, nikaambiwa barafu kavu "iliyeyuka". Barafu kavu haiyeyuki, inageuka hewa moja kwa moja, na hilo hata mtoto wa skuli wa kidato cha kwanza angemwambia. Hela yangu nayo imefuata njia hiyo hiyo.